Kuchagua pontuni ya mtu mmoja katika Nyanda za Juu Kusini

Anayeanza kuvua peke yake kwa pontuni, yaani kiti kilichofungwa kwenye fremu juu ya maboya mawili marefu ya upepo, huvutiwa kwanza na mifuko na vishikio vya fimbo, ilhali swali la kwanza ni maji atakayovulia na namna atakavyokifikisha chombo huko. Kwenye mabwawa ya Mufindi, ambako baridi ya Juni na Julai haina mzaha, faida kubwa ya pontuni ni kwamba unakaa juu ya maji badala ya kuzama hadi kiunoni kama afanyavyo anayetumia boya la duara. Lakini kukaa juu huko hukuweka wazi kwa upepo, kwa hiyo pontuni isiyo na makasia imara na nanga inayoshushwa bila kusimama mimi siinunui, hata iwe ya bei ya kutupa.

Maboya ya urefu wa mita 2.4 hadi 2.7 humtosha mtu mmoja, ila usome kikomo cha uzito ukijumlisha mwili wako, nguo zilizolowa, nanga na vifaa vyote. Fremu ya chuma ni nafuu, nayo ni nzito na hushika kutu. Ya alumini utaishukuru siku utakayoibeba peke yako kupanda ukingo wenye utelezi.

Jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra ni mwinuko. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa takriban mita 475. Maboya yaliyojazwa Mbeya hufika Matema, kwenye ufuko wa ziwa hilo, yamelegea, na yaliyokazwa Matema kisha yakapandishwa Mbeya huongezewa presha inayokaribia psi 2 (psi ni kipimo cha presha ya upepo), ongezeko kubwa kwa chombo ambacho aghalabu hujazwa psi chache tu. Kwa hiyo safiri nayo ikiwa imetolewa upepo, uijaze ufukweni kwa pampu ya mkono au ya mguu, wala usiipeleke kwa fundi wa matairi, kwa sababu mashine yake inaweza kufumua mshono kabla hujaigundua hatari. Ukishaishusha majini, ipime tena, kwani maji baridi huilegeza. Ukipumzika nchi kavu, usiiache juani ikiwa imekaza.

Matema, vulia karibu na ufuko, na upepo ukianza kuvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani, toka majini mapema, kwa maana makasia mafupi hayashindani nao. Bwawa la Mtera ni habari nyingine: lina viboko na mamba, na mpira uliojazwa upepo hauna kazi huko. Panda mtumbwi wa mbao pamoja na wavuvi wenyeji wanaoyajua maji yale.

Kabla ya kulipa, omba maboya yajazwe, paka povu la sabuni kwenye valvu na mishono yote, kisha, muuzaji akikubali, uyaache hadi kesho yake uone kama yamelegea.