Wimbo huu hauishi?

SWALI: Mjomba, shemeji yangu aliye Marekani kanitumia rekodi ya Grateful Dead, bendi ya roki ya huko, ukumbi wa Barton, Chuo Kikuu cha Cornell, Mei 8, 1977. Mbona wimbo hauishi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Achana na gitaa kwanza, mpwa. Fuata besi ya Phil Lesh pale “Scarlet Begonias” inapoingia “Fire on the Mountain”. Haishiki mapigo tu, inajibizana na gitaa la Jerry Garcia, huku wapiga ngoma wawili wakibeba mwendo. Unashtukia uko wimbo mwingine! Kama dakika 25 hivi, na sikupunguzii hata moja. Sehemu ya kwanza ya onyesho wanaisifu mno. Kwangu ya kawaida. Ila “Morning Dew”, karibu na mwisho, Garcia anavyozichapa zile nyuzi… ongeza sauti, majirani watazoea.