Kushona blanketi la viraka bila mchoro wa mtu

Dada yangu, umesema mablanketi yote matatu uliyoshona ulifuata michoro ya kununua, na sasa ukitaka kubuni lako unaogopa kuharibu kitambaa. Anza na foronya ya mto wa kochi. Weka kipande cha mraba katikati, kizungushie kanda za vitambaa, upana wowote, hadi ukubwa utoshe. Wanawake wa Gee's Bend, Alabama, Marekani, wameshona hivyo miaka mingi kwa nguo kuukuu za kazi, wakipima kwa macho tu. Mwaka 2002 mablanketi yao yalionyeshwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston, na mistari yake iliyopinda ndiyo naipenda zaidi.

Hesabu ya kushika ni ya mshono: ukiacha milimita 6 kila upande, kipande cha sentimita 12 kinabaki 10.8. Kitenge kipya kifue kwanza, hasa chekundu, kisije kikachujia vingine. Kabla ya cherehani, panga vipande sakafuni, vipige picha isiyo na rangi. Utaona upesi palipokoza mno. Kitambaa kikipungua, unga kingine, endelea.