Faili Hili Likipotea, Tunafanyaje? Kwa Wanaoanza Kazi ya Hifadhidata

Ukianza kazi ya kusimamia hifadhidata utapokewa na msururu wa majina: faili la data, redo logi, faili la udhibiti, chekipointi, arkaivu, dampu, snapshoti. Wengi huyakariri kama wanaojiandaa na mtihani, halafu siku diski inapokufa hawajui waanzie wapi. Mimi nakushauri usikariri. Kila unapokutana na faili, jiulize: likipotea sasa hivi tumepoteza nini, na tutakipata wapi? Ukiweza kujibu, umeshalielewa jina lake.

Anza na faili la data. Ndani yake mna kurasa za ukubwa mmoja, KB 8 kwenye PostgreSQL na SQL Server, KB 16 kwenye InnoDB ya MySQL, na rekodi za majedwali yako zimo humo. Kwenye SQL Server faili kuu huishia na .mdf, kwenye MySQL utaona .ibd. Jambo ambalo mgeni halitarajii ni kwamba seva ikiwa kazini, faili hili kwa kawaida huwa nyuma ya hali halisi. Mtu akibadilisha salio, injini (programu inayoendesha hifadhidata) hubadilisha ukurasa ulioko kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kabla ya kumjibu kwamba muamala umekubaliwa, huandika badiliko hilo kwenye logi ya miamala na kuhakikisha limefika diskini. Ukurasa wenyewe utaandikwa kwenye faili la data baadaye. Chekipointi ni pale injini inapohakikisha kurasa zote zilizobadilika hadi hapo zimeshashuka diskini, ili ikizimika ghafla ijue isome logi kuanzia wapi.

Kwa hiyo logi si maandishi ya kusoma ukiwa na nafasi. Ni sehemu ya data. Umeme ukikatika, seva ikiwaka tena, injini hurudi kwenye chekipointi ya mwisho, husoma logi na kutekeleza upya kila badiliko lililokubaliwa, na miamala iliyokatika njiani haihesabiwi. PostgreSQL ilikuwa ikiweka logi hii kwenye saraka iitwayo pg_xlog. Diski ikijaa, watu walikuwa wakiona "log" kwenye jina, wanadhani ni takataka, wanafuta, na hifadhidata inakataa kuwaka. Toleo la 10 la mwaka 2017 liliibadilisha jina kuwa pg_wal, kwa sababu hiyo hasa. Ukikuta saraka hiyo imejaa mafaili ya MB 16, usiguse hata moja kwa mkono. Tafuta kwa nini hayaondoki: mara nyingi arkaivu (ghala la kuhifadhi logi zilizokamilika) imeshindwa kuyapokea, au kuna replika (seva ya pili inayofuata mabadiliko ya seva kuu) iliyokufa ambayo seva bado inaitunzia nafasi yake.

Kwenye SQL Server tatizo hilo huja kwa sura nyingine. Hifadhidata iliyowekwa kwenye hali kamili ya urejeshaji (full recovery) huendelea kukuza faili la .ldf, yaani faili la logi, mpaka uchukue bakapu ya logi yenyewe. Bakapu kamili, hata ukiichukua kila usiku, haiipunguzi. Nimewaona wengi wakishangazwa na hili, na wengi wao hukimbilia hali sahili (simple recovery) ili diski ipumue. Ipo kazi ambayo hali sahili inaifaa, lakini ujue unachokitoa: hutaweza tena kurudi kwenye dakika unayoitaka.

Hapo pia utaona kwa nini haifai kunakili saraka ya data kwa amri ya cp wakati injini inaendelea kuandika. Ukurasa mmoja utaunakili wa saa hii, mwingine wa dakika tano baadaye, na mwingine ukiwa nusu umeandikwa. Nakala itaonekana nzima mpaka siku utakayojaribu kuiwasha. Tumia zana inayojua mpango wa injini, kama pg_basebackup au RMAN ya Oracle, inayohakikisha nakala inakwenda pamoja na logi ya kipindi chote cha kunakili.

Faili la udhibiti la Oracle ni dogo, nalo ndilo linaloorodhesha mafaili ya data na ya redo (logi ya miamala ya Oracle) yalipo na hifadhidata imefika wapi. Likipotea, hifadhidata haifunguki hata kama data yote ipo. Weka nakala zake kwenye diski tofauti, basi.

Sasa tuje kwenye jambo lililo kiini cha kazi hii: tofauti ya kurejesha na kufufua. Kurejesha ni kurudisha mafaili ya bakapu mahali pake. Kufufua ni kuyasogeza mbele kwa logi mpaka yafike wakati unaoutaka. RMAN ina amri mbili tofauti kwa kazi hizi mbili. Chukua mfano. Bakapu kamili imechukuliwa saa 8 usiku. Saa 5:17 asubuhi mtu anaendesha amri ya kufuta bila kuweka sharti la WHERE, na jedwali la malipo linabaki tupu. Ukirejesha tu, umepoteza kazi yote tangu saa 8 usiku. Ukiwa na arkaivu ya logi, unarejesha bakapu kwenye seva nyingine (usiandike juu ya ile iliyo hai), unailisha logi zilizofuata, na unaiambia injini isimame saa 5:16.

Kwenye PostgreSQL, tangu toleo la 12, unaweka restore_command ya kuonyesha arkaivu ilipo, unaandika recovery_target_time, kisha unaunda faili tupu liitwalo recovery.signal na kuwasha seva. Andika saa kwa mtindo wa saa 24 (saa 5:16 asubuhi ni 11:16) pamoja na ukanda wake. Seva nyingi huendeshwa kwa saa za UTC, na ukisahau hilo utasimama saa kadhaa kabla au baada ya tukio. Kingine: logi za dakika za mwisho huenda bado hazijafika kwenye arkaivu, kwa hiyo ziokoe kutoka seva ya zamani kabla hujagusa kitu. Na kipande kimoja cha logi kikikosekana katikati, ufufuaji huishia hapo. Vilivyofuata havikusaidii, hata viwe mia.

Aina za bakapu hazina ugumu. Bakapu kamili ni kila kitu. Ya tofauti hubeba yaliyobadilika tangu ile kamili ya mwisho, hivyo unarejesha mbili tu. Ya nyongeza hubeba yaliyobadilika tangu bakapu iliyotangulia, ya aina yoyote. Ni ndogo, lakini kurejesha kunahitaji mnyororo mzima. PostgreSQL ilipata bakapu ya nyongeza ya kwake yenyewe kwenye toleo la 17, mwaka 2024.

Dampu ni kitu kingine. pg_dump na mysqldump hazinakili kurasa; huandika amri za kuunda majedwali na kuyajaza upya. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuihamishia kwenye toleo jipya la injini. Ubaya ni kwamba faharasa zote (indeksi za kutafutia rekodi haraka) zitajengwa upya, na kwenye data kubwa hilo ni suala la saa nyingi. pg_dump pia haibebi watumiaji wa seva, hao huchukuliwa kwa pg_dumpall. Na huwezi kuisogeza mbele kwa logi.

Angalia kwa makini dampu inayopitishwa kwenye mgandamizo, yaani pg_dump ikifuatwa na gzip kwenye mstari mmoja. pg_dump ikishindwa, gzip hufunga kazi yake vizuri, na skripti inaripoti mafanikio kwa sababu ganda (shell) lisipowekewa pipefail, mpangilio wa kuhesabu kosa la amri yoyote kwenye mstari, huangalia amri ya mwisho tu. Unabaki na faili lenye jina sahihi na tarehe sahihi, na ukubwa wa baiti 20. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya hifadhidata huoza kimya kimya usipoifungua.

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab alifuta saraka ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye replika. Walipotafuta dampu zao hawakuzikuta, kwa sababu pg_dump iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ilikuwa 9.6. Barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa zisifike. Kilichowaokoa ni snapshoti (picha ya diski kama ilivyokuwa wakati mmoja) ya takriban saa 6 nyuma, iliyochukuliwa kwa kazi nyingine kabisa. Walieleza yote hadharani, na ninawaheshimu kwa hilo. Isome taarifa yao. Replika nayo isikudanganye: amri mbaya ya kufuta huifikia muda mfupi tu baada ya seva kuu.

Wiki hii omba seva ya pembeni, urejeshe bakapu ya jana usiku kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa tu, bila kumuuliza mwenzako. Ukikwama kwenye ufunguo wa usimbaji ambao anao mtu mmoja aliye likizo, hilo liwe la kwanza kwenye ripoti. Ikiwaka, hesabu rekodi za majedwali makubwa na utazame muamala wa mwisho ni wa saa ngapi. Andika muda uliotumika toka mwanzo hadi hapo, na pengo kati ya muamala huo na saa unayojifanya ajali imetokea. Kisha muulize mkuu wako kama biashara inaweza kuvumilia tarakimu hizo mbili.