Maswali Yenu: Haongei, Nimsemeshe Vipi?

SWALI: Mtoto wa kaka yangu ana miaka 14, ana usonji na haongei. Likizo hii atakaa kwangu. Mamake amenipa ubao wa picha anazogusa badala ya kusema, lakini nikimwuliza "Unataka nini?" anatazama kando tu. Je, ananielewa? Na ubao huu hautamfanya asijifunze kusema?
Shangazi, Kawangware

JIBU: Shangazi, anza kwa kuamini kwamba anaelewa. Kutoongea si kipimo cha akili. Msemeshe kama kijana wa miaka 14, na usimjadili na wageni ilhali yuko hapo hapo anasikia. Kutazama kando si dharau. Wengi wenye usonji husikiliza vizuri zaidi wasipolazimika kukutazama machoni. Usimgeuze uso.

Ubao unakwama kwa sababu unadai jibu kabla hajaona watu wengine wakiutumia. Mtoto yeyote husikia maneno kwa takriban mwaka mzima kabla ya kutamka lake la kwanza. Basi zungumza wewe kwanza kwa ubao huo. Ukimimina chai, sema "Unataka zaidi?" huku ukigusa TAKA, kisha ZAIDI. Neno moja au mawili yatosha, na usimdai aguse naye.

Ukishauliza, nyamaza. Hesabu moyoni polepole hadi kumi, hata zaidi. Watu wazima wengi hushindwa hapa: sekunde mbili zikipita wanauliza upya kwa maneno mengine, naye analazimika kuanza kulichambua swali jipya kabla hajamaliza la kwanza.

Kagua pia kilichomo. Ubao uliojaa chapati, maziwa na ndizi humwezesha kuomba chakula tu. Ongeza SITAKI, ACHA, NGOJA, INAUMA, NISAIDIE, SIJAMALIZA na NENO LANGU HALIMO. Kijana asiye na njia ya kukataa hukataa kwa mayowe au kwa kuuma mkono. Akigusa SITAKI, heshimu. Pale usalama unapokuzuia, kama mnapovuka barabara, mwambie: "Nimeona hutaki, lakini gari linakuja."

Chapisha nakala mbili zinazofanana, zifunikwe kwa plastiki: moja ya nyumbani, moja ya kwenye matatu. Usimnyang'anye kamwe kama adhabu. Kufanya hivyo ni kumziba mdomo.

Kuhusu kusema, ondoa hofu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 hayakuonyesha kwamba njia hizi hupunguza usemi. Wengi wa waliochunguzwa waliongeza maneno kidogo.

SWALI: Mwanangu pia haongei. Kuna mtu anayemshika mkono aandike kwenye kishikwambi, na sentensi zinatoka ndefu ajabu. Tumlipe aendelee?
Baba, Embakasi

JIBU: Hapana, Baba. Majaribio ya tangu miaka ya 1990 yalimwonyesha mtoto picha moja na msaidizi wake nyingine, bila wao kujua kwamba zinatofautiana. Kilichoandikwa kilikuwa kile alichokiona msaidizi. Si lazima awe tapeli. Mara nyingi mwenyewe hatambui kwamba anauongoza mkono. Mwaka 2018 chama cha wataalamu wa usemi cha Marekani, ASHA, kilitoa tamko dhidi ya njia hiyo, na dhidi ya ile ya kumshikia mtoto ubao wa herufi hewani. Tafuta mtaalamu wa usemi atakayemwezesha mwanao kugusa mwenyewe. Kidole kikiteleza, kuna fremu zenye matundu za kuweka juu ya skrini, au vitufe vikubwa.

SWALI: Nina mwanafunzi mwenye usonji asiyeongea. Wenzake wanamwita bubu, naye hupepea mikono darasani. Nifanyeje?
Mwalimu wa madrasa, Eastleigh

JIBU: Jina hilo lipige marufuku leo, Ustadhi. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha, na ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Mikono mwachie, zuia tu kinachomuumiza yeye au mwenzake. Fundisha wanafunzi wawili watatu kutumia ubao wake, na waambie wasome kwa sauti alichogusa, bila kumwongezea neno.