Edinburgh kwa siku mbili bila kutoboa mfuko

Ndugu, umeuliza kama wewe na mke wako mnaweza kutoka Leeds kwenda Edinburgh mwishoni mwa Aprili, mkalala huko siku mbili na mkarudi bado mna hela ya kodi ya nyumba, maana watu wamekutisha kwamba mji ule ni ghali. Naishi kaskazini mwa Uingereza na nimekwenda Edinburgh mara nyingi, peke yangu na pia na familia, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona. Nendeni. Ughali wa mji ule uko kwenye malazi. Ukishapata pa kulala kwa bei nzuri, vingine vingi ni miguu yenu tu.

Kwa hiyo anza na tarehe. Agosti usiifikirie kabisa: ndio mwezi wa matamasha yaliyoanza mwaka 1947, na chumba cha kawaida hupanda bei hadi ukashangaa. Siku za kuelekea mwaka mpya ni hivyohivyo. Aprili mmechagua vizuri, ila epukeni wiki ya Pasaka, na kama kazi inawaruhusu, laleni Jumapili na Jumatatu badala ya Ijumaa na Jumamosi. Tafuta chumba kilekile kwa tarehe hizo mbili, utaiona tofauti. Jua pia kwamba kwa malazi ya kuanzia tarehe 24 Julai 2026, jiji linatoza asilimia 5 ya bei ya chumba kwa siku tano za kwanza, kwa hiyo hakikisha bei unayolinganisha imejumuisha hiyo. Usitafute kulala Royal Mile, ile barabara kuu ya mji wa kale. Tafuta Newington, ambako mnaweza kutembea hadi katikati, au Leith, ambako kuna tramu. Hosteli nyingi zina vyumba vya watu wawili na jiko la pamoja. Mimi jiko nalipa uzito kuliko mandhari ya dirishani, kwa sababu asubuhi mkijipikia uji na mayai, mmeokoa hela ya chakula kimoja kila siku.

Treni: kateni tiketi mapema, zile za treni moja tu mliyoichagua, na kwa kuwa mko wawili chukueni kadi ya punguzo ya watu wawili. Inashusha theluthi moja ya nauli kwa wote mkisafiri pamoja, ila siku za kazi haitumiki kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Mkienda kaeni upande wa kulia. Baada ya Newcastle reli inaikaribia bahari, na mkishavuka daraja la mto Tweed pale Berwick, kuna mahali treni inapita juu ya majabali na bahari iko chini yenu. Na kwa waliouliza kuhusu visa: Edinburgh iko Scotland, na Scotland ni sehemu ya Uingereza, visa ni ileile na njiani hakuna mpaka wa kukaguliwa.

Mkishuka kituo cha treni cha Waverley mko katikati ya mji tayari. Pandeni Calton Hill kwanza, ni dakika chache tu, na kutoka juu mtaona mji wote ulivyokaa: ngome upande mmoja, bahari upande mwingine. Zile nguzo kubwa kama za Ugiriki ni mnara wa kumbukumbu ulioanzwa kujengwa mwaka 1826, hela zikaisha mwaka 1829, na umebaki hivyo hadi leo. Halafu shukeni, mpite bustani za Princes Street mpaka chini ya ngome.

Kuhusu ngome yenyewe, najua wengi watabisha, lakini kwa bajeti yenu mimi ningeiacha. Tiketi za watu wawili zinameza hela ya chakula cha safari nzima, na uzuri wake mkubwa unaonekana kutoka nje. Nendeni kwenye ngazi za Vennel karibu na Grassmarket, hapo inakaa mbele yenu yote. Ule mzinga wa saa saba mchana, unaopigwa tangu mwaka 1861 kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu chache, mnausikia bure mkiwa barabarani. Mkishindwa kujizuia, nunueni mtandaoni kabla, bei ni nafuu kuliko getini.

Mvua ikinyesha, na itanyesha, kimbilieni Makumbusho ya Taifa pale Chambers Street. Kuingia ni bure. Dolly yuko pale, yule kondoo aliyezaliwa mwaka 1996 kwa kunakiliwa kutoka kwenye seli ya kondoo aliyekwisha kukomaa. Panda hadi kwenye roshani ya juu ya paa, nayo haina malipo.

Hatua chache kutoka hapo kuna Old College ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Nakuomba usipite bila kuingia uani. Mwalimu Nyerere alisoma chuo hiki kuanzia 1949 hadi 1952, miaka tisa kabla ya Uhuru, akatoka na shahada yake. Mimi nikisimama pale huwa nafikiria huyo kijana wa Butiama kwenye baridi ile. Na kule bustani za Princes Street, jirani na mnara wa mwandishi Walter Scott, kuna sanamu ya Livingstone ameshika Biblia. Susi na Chuma, waliobeba mwili wake hadi Bagamoyo, hawamo. Mweleze mke wako habari zao mkiwa mmesimama hapo, ni haki yao kutajwa.

Chakula cha mchana kipo jirani na chuo: Mosque Kitchen pale Nicolson Square, wali na mchuzi, halali, sahani inayoshibisha mtu. Msikiti Mkuu uko karibu kwa anayetaka kuswali. Maji ya bomba ni mazuri, bebeni chupa.

Siku ya pili, kukiwa kweupe, pandeni Arthur's Seat. Ni mlima wa volkano iliyokufa, mita 251 tu, lakini upepo wa juu si wa mchezo. Jaketi la kuzuia upepo na viatu vyenye meno. Mwavuli uacheni chumbani. Kama mke wako hapendi kupanda, fuateni mto wa Leith kutoka Dean Village hadi Stockbridge, kisha muingie bustani ya mimea, kiingilio hakuna. Kwa miaka yangu hii, ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote pale.

Miguu ikichoka, mabasi ya Lothian yana nauli moja popote ndani ya jiji. Guseni kadi ya benki, na ikifika kikomo cha siku hamkatwi zaidi, ila kila mtu atumie kadi yake. Mkilipa taslimu, muwe na hela kamili kwa sababu dereva harudishi chenji. Basi namba 26 litawafikisha ufukwe wa Portobello jioni. Mwishoni mwa Aprili kuna mwanga hadi baada ya saa mbili usiku, kwa hiyo hamna haja ya kukimbizana. Ukishapata tarehe ziandike hapa, nitakuangalizia treni.