Bangi ni halali Canada: jibu kwa mpwa wangu, kwa mama mdogo na kwa wengine mnaouliza

Mpwa wangu anayesoma sheria Dar es Salaam ameniuliza swali ambalo wengi wenu mmekuwa mkilizungukazunguka: ikiwa Canada imeruhusu bangi tangu mwaka 2018 na nchi haijaparaganyika, Tanzania inangoja nini, na serikali ina haki gani ya kumfunga mtu mzima kwa kitu anachokivuta chumbani kwake bila kumgusa mtu? Mama mdogo ameuliza lake: mnalea vipi watoto mahali ambapo bangi inauzwa dukani? Nawajibu wote wawili kwa pamoja, kwa kuwa kila mmoja ameshika upande mmoja wa jambo lile lile. Msimamo wangu nautaja mapema ili msinisome kwa kukisia: sikubaliani na anayetaka mvutaji afungwe, wala sikubaliani na anayetaka duka lifunguliwe.

Kwanza niondoe picha ambayo nadhani mnayo, ya nchi ambayo kila mtu anatembea na msokoto mdomoni na polisi wanatazama pembeni. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 17 Oktoba 2018, ikitimiza ahadi ya uchaguzi aliyoitoa mwaka 2015 Justin Trudeau, aliyekuja kuwa waziri mkuu, ni ndefu na ina makali. Mtu mzima anaruhusiwa kubeba gramu 30 za bangi kavu hadharani, na katika majimbo mengi anaweza kupanda miche minne nyumbani. Umri wa chini ni miaka 19 katika majimbo mengi, 18 kule Alberta, na Quebec, ambayo ilianza na 18, ilipandisha hadi 21 mwaka 2020. Ukimuuzia au kumpa mtoto bangi unaweza kufungwa hadi miaka 14. Kuivusha mpaka wa nchi, kwenda au kurudi, hata gramu moja, ni kosa la jinai.

Duka lenyewe lingewashangaza kwa ukimya wake. Miaka ya mwanzo hapa Ontario, jimbo ninaloishi, vioo vyote vilizibwa ili mtoto anayepita njiani asione kilichomo, na mlangoni unasimamishwa na kijana anayedai kitambulisho hata kama una mvi. Ndani hakuna rundo la majani wala harufu mnayoifikiria. Unachokabidhiwa ni kopo dogo lenye kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua kirahisi, halina picha ya kuvutia, lina alama nyekundu ya jani na herufi THC, ambayo ndiyo kemikali inayolevya, lina onyo la kiafya kwenye mraba wa manjano, limeandikwa asilimia ya ukali wake, na juu yake imebandikwa stempu ya ushuru. Mzigo wote wa maduka ya Ontario hupitia kwa mnunuzi mkuu mmoja, ambaye ni shirika la serikali ya jimbo. Yaani serikali inaijua bangi hiyo tangu ikiwa shambani hadi inapotoka dukani. Shikeni jambo hilo, nitalirudia nikifika kwetu.

Mpwa, hoja yako ya uhuru ina uzito, na Canada imeipa uzito zaidi kwa sababu ambayo huko nyumbani haisikiki sana. Kabla ya mwaka 2018, marufuku haikuwaangukia watu wote kwa usawa. Gazeti la Toronto Star lilichambua takwimu za polisi za mwaka 2003 hadi 2013, likakuta kwamba mtu mweusi asiye na hatia yoyote ya nyuma alikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kukamatwa kwa bangi kidogo kuliko mzungu aliye katika hali kama yake. Vijana wa jamii zetu walibaki na rekodi ya jinai iliyowafungia kazi, nyumba za kupanga na safari, kwa kosa ambalo watoto wa mitaa ya kitajiri walilifanya kwenye sherehe za chuo bila mtu kuwauliza. Mwaka 2019 serikali ilifuta ada na muda wa kusubiri kwa wanaoomba msamaha wa rekodi hizo, lakini utaratibu ulikuwa mgumu kiasi kwamba katika miaka ya mwanzo walioupata walihesabika kwa mamia, ilhali waliowahi kutiwa hatiani ni wengi mno. Mtu akisema ruhusa imewaletea watu weusi wa Canada haki, mwambie imepunguza dhuluma mpya. Ile ya zamani wengi bado wanaibeba.

Tukija kwa mhamiaji, uhuru huo una kona nyingi ambazo mwenyeji hazioni. Mimi ni dereva wa lori, na njia yangu ni daraja la Ambassador, linalounganisha Windsor na Detroit. Upande wa Ontario bangi ni halali, upande wa Michigan wapiga kura waliiruhusu mwaka 2018, lakini kuvuka nayo pale katikati ni kosa kwa nchi zote mbili, kwa sababu serikali kuu ya Marekani haikuihalalisha na Canada nayo inakataza kuitoa nchini. Dereva wa Canada anayeingia Marekani yuko chini ya upimaji wa mkojo wa kushtukiza unaotakiwa na sheria za huko, na mabaki ya bangi hukaa mwilini siku nyingi, kwa mvutaji wa kila siku hata wiki kadhaa, muda mrefu baada ya ulevi wenyewe kuisha. Jamaa mmoja wa Afrika Mashariki tuliyekuwa naye kazini alivuta mwishoni mwa juma, nyumbani kwake, bila kuvunja sheria yoyote ya Canada. Jina lake lilipoitwa kupimwa, safari za Marekani zikaishia hapo, na mshahara ukashuka akiwa na nyumba ya kulipia. Hata kwa wanaoendesha ndani ya Ontario pekee, dereva wa gari la biashara haruhusiwi kuwa na chembe ya bangi inayoonekana kwenye kipimo cha mate.

Aliye na ukaazi wa kudumu bila uraia ana hatari nyingine. Tangu Desemba 2018 adhabu ya juu ya kuendesha gari ukiwa umelewa, iwe kwa pombe au kwa bangi, ilipandishwa kutoka miaka mitano hadi kumi, na kwa sheria ya uhamiaji kosa lenye adhabu ya juu ya miaka kumi huhesabiwa kuwa kosa kubwa. Maana yake mzaliwa wa hapa na mimi tukifanya kosa lile lile barabarani, yeye atalipa faini na kupoteza leseni kwa muda, nami naweza kujikuta naitwa kueleza kwa nini nisirudishwe nilikotoka. Vijana wanaokuja kwa viza ya masomo huambiwa siku ya kwanza kwamba bangi hapa ni ruhusa. Hili la pili mara nyingi hawaambiwi na mtu.

Sasa madhara, maana hapa ndipo mama mdogo anaponisubiri. Sitasema wavutaji wote wameharibika, kwa sababu si kweli. Nafanya kazi na watu wanaovuta jioni na asubuhi wako timamu, kama ilivyo kwa wanywaji wengi wa bia. Lakini bangi ya maduka haya ya leo si ile ambayo babu yako, mpwa, alikuwa akituonya nayo Arumeru. Wizara ya afya ya Canada yenyewe inaeleza kwamba miaka ya 1980 bangi kavu ilikuwa na wastani wa asilimia 3 hivi ya THC, na sasa wastani ni karibu asilimia 15, na aina nyingine hufika 30. Wizara hiyo hiyo inasema mtu mmoja kati ya 11 wanaotumia huwa mteja wa kudumu asiyeweza kuacha, na kwa walioanza ujanani ni mmoja kati ya sita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 kuhusu Ontario uligundua kwamba sehemu ya wagonjwa wapya wa skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, wanaohusishwa na utegemezi wa bangi ilipanda kutoka takriban asilimia 4 kabla ya ruhusa hadi takriban 10 baada yake. Niwe mwaminifu: idadi ya jumla ya wagonjwa wapya wa ugonjwa huo haikupanda, na si rahisi kutenganisha sheria na ukali wa bangi yenyewe. Hata hivyo, aliyewahi kukaa na mzazi aliyempeleka mwanawe hospitali ya akili ya Mirembe hawezi kuzipita takwimu hizo kama habari ya hali ya hewa.

Kwa watoto wadogo, mama, jibu halina utata. Peremende, chokoleti na biskuti zilizotiwa bangi ziliruhusiwa mwaka mmoja baada ya majani. Sheria iliweka kikomo cha miligramu 10 za THC kwa pakiti moja, ikalazimisha vifungashio vigumu kufungua, na bado watoto walioishia hospitalini kwa kula vitu hivyo waliongezeka sana katika majimbo yaliyoviruhusu, huku Quebec, iliyokataa kuuza bangi ya peremende, ikibaki chini. Nchi moja, sheria kuu moja, majani yale yale. Kilichotofautiana ni kilichopangwa kwenye rafu. Nyumbani kwetu hakiingii, na wageni wetu wanajua. Ila harufu kwenye lifti ya jengo hatuna pa kuikwepa, hasa wakati wa baridi, ambapo wavutaji hawatoki nje na jirani wa chini anakuwa jirani wa sebuleni.

Na msidhani Canada imefuata kanuni ya uhuru hadi mwisho wake. Mirungi, ambayo Meru wanailima na kuiuza bila kuvunja sheria ya Kenya, hapa kuiingiza na kuiuza ni kosa, na watu hukamatwa nayo uwanja wa ndege. Mzee wa Kisomali wa Toronto anayetaka kutafuna na wenzake baada ya swala ya Ijumaa ana hoja ile ile ya mpwa wangu, neno kwa neno. Tofauti ni kwamba wanaopenda bangi walikuwa wengi, wana kura, na nyuma yao wana kampuni.

Kampuni ndizo zinazonitia shaka ninapofikiria kwetu. Ontario ilianza kwa maduka 25 yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu mwaka 2019. Baadaye kikomo kikaondolewa, na leo yamepita 1,500. Nchi nzima, waliosema wametumia bangi ndani ya mwaka walikuwa takriban asilimia 22 mwaka 2018 na 26 mwaka 2023. Hii ni nchi yenye maabara, wakaguzi wanaolipwa na stempu juu ya kila kopo. Tanzania tuna kumbukumbu yetu ya kileo halali kikikabidhiwa kwa wafanyabiashara: viroba, ile pombe kali ya kwenye vipakiti vya plastiki. Havikuwa haramu, vilikuwa na nembo na vililipiwa kodi, lakini vilifika kwa mwanafunzi na kwa dereva wa bodaboda kwa bei ya karibu na bure, hadi serikali ikavipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Kabla mtu hajaniambia bangi yetu itadhibitiwa, anieleze ni nini kilichotushinda kwa viroba na kimerekebishwa wapi. Anieleze pia ni polisi gani wa barabara ya Morogoro atakuwa na kipimo cha mate usiku basi la mkoani likipita.

Lakini kutofungua duka hakuhitaji gereza. Chini ya sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 na marekebisho yake, usafirishaji wa bangi unaweza kumpeleka mtu jela miaka 30, na kiasi kikubwa hata maisha. Anayejaza selo si mwenye mtaji, ni kijana wa misokoto miwili. Afrika Kusini ilipata njia ambayo nataka uisome vizuri, mpwa: Septemba 2018 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mtu mzima kutumia, kumiliki na kulima bangi kwa matumizi yake binafsi faraghani si jinai, kwa msingi wa haki ya faragha, na kuuza kukabaki kosa. Hoja yako ya chumbani imejibiwa pale bila kumfungulia mtu biashara. Ningetaka mbunge wetu aanzie hapo, akiongeza fedha kwa tiba ya waliozama.

Wanaosema tulime ya kuuza nje tupate dola, wanitazamie soko la hapa kwanza. Wazalishaji wenye leseni walilima kupita mahitaji, bei zikaanguka, kampuni kadhaa zikafilisika na mzigo mkubwa ukateketezwa. Lesotho ilitoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017, Rwanda ikapitisha mpango wake mwaka 2020, na anayetaka kuuza Ulaya lazima afikie viwango vya kiwanda cha dawa, vyenye gharama ambayo mwenye ekari moja hawezi kuigusa. Mkulima wa kijiji cha Kisimiri Juu, kule Arumeru, ambaye leo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inamfyekea shamba kwa kuwa bangi ni haramu, siku hiyo atafyekewa shamba lile lile kwa kuwa hana leseni.