Paka kahasiwa, mbona bado anapanda?

Shikamoo daktari. Paka wetu dume ana miaka mitatu. Wiki tatu zilizopita tulimpeleka kwa daktari wa mifugo akahasiwa, tukaambiwa uhuni sasa basi. Juzi nimemkuta stoo kampanda paka jike tuliyemwokota mwaka jana. Jike alipiga ukelele, akamgeukia dume kwa makucha, halafu akaanza kugaagaa sakafuni. Siku ya pili jike akanyamaza, na kabla ya hapo alikuwa akilia usiku kucha hata majirani wakalalamika. Mume wangu anasema pesa yetu imeliwa. Mama mkwe anasema jike ana mimba. Nimsikilize nani?
– Mama wa Ngamiani, Tanga

Marahaba mwanangu. Mumeo mwambie pesa haikuliwa. Mama mkwe usimbishie bado.

Korodani zikishatolewa, homoni ya kiume huanguka mwilini ndani ya siku moja au mbili. Tabia haina haraka hiyo. Dume wako amekaa miaka mitatu akizurura juu ya mabati ya watu, na kupanda ameshakujua. Kujua huko kumo kichwani, hakukuwa kwenye korodani. Angehasiwa na miezi mitano, kabla hajaonja, pengine usingeniandikia. Aliyekwisha kuwa mzoefu anaweza kuendelea kupanda kwa wiki kadhaa, wengine kwa miezi. Ila subira inalipa: kati ya madume kumi, karibu tisa hupunguza sana kupigana, kuzurura na kunyunyiza mkojo ukutani. Wengine hupunguza mara moja, wengine pole pole. Huyo wa kumi ndiye anayeniletea wateja wenye hasira.

Sasa tuje kwenye ukelele, maana hapo umeniambia jambo kubwa. Uume wa paka dume una vijimiba vidogo sana vinavyoelekea nyuma. Vinaishi kwa homoni, na baada ya kuhasiwa husinyaa hadi kutoweka kwa muda wa kama wiki sita. Dume wako yuko wiki ya tatu, bado anavyo kiasi. Jike kupiga kelele, kumrukia dume na kugaagaa maana yake ni kwamba tendo lilitimia, si kwamba alipandwa mgongoni tu akaachwa. Na paka jike kwa kawaida mayai yake hayatoki mpaka apandwe, hasa akipandwa mara kadhaa. Wewe umeona mara moja. Usidhani ndiyo ilikuwa peke yake.

Mayai yakishatoka, joto, yaani kule kutaka dume, linakatika na kelele zinakwisha. Kwa hiyo ukimya wa jike haukwambii kama ana mimba. Kama dume hakuwa na mbegu, jike anapata mimba ya uongo: anatulia kwa siku kama 40, kisha anaanza kulia upya. Kama mbegu zilikuwepo, mama mkwe kashinda. Na zinaweza kuwepo, kwa sababu zilizobaki kwenye mirija hazitoki siku ya upasuaji. Kwa paka zimewahi kukutwa hadi wiki ya saba. Hili ulipaswa kuambiwa siku ile ile ulipomchukua dume wako, na daktari anayempa mtu paka na kadi ya dawa bila neno hilo, mimi namlaumu.

Lakini kabla hamjamsingizia maksai wenu, dirisha la stoo lina wavu? Jike akiwa kwenye joto, madume wa mtaa mzima wanapata habari, na watoto wa mkupuo mmoja wanaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Nimeshaona mama paka mweupe kazaa watoto wa rangi zote, mwenye nyumba akaapa kwamba dume wake ni mmoja tu.

Fanya hivi. Andika ukutani tarehe uliyowakuta stoo. Zikipita wiki tatu hivi, mlaze chali umtazame chuchu: zikiwa zimevimba na kuwa za waridi, anza kutafuta boksi. Kati ya wiki ya tatu na ya nne daktari anaweza kumpapasa tumbo akajua. Wewe usijaribu kubonyeza. Mimba ya paka ni wiki tisa na siku chache. Akirudia kulia kwenye wiki ya sita, ilikuwa ya uongo, mpeleke naye afungwe kizazi, ila kelele zile zikishatulia, maana akiwa kwenye joto mishipa hujaa damu na kazi ya mpasuaji inakuwa ngumu. Akizaa, usimwache nje eti kwa kuwa ananyonyesha. Paka hushika mimba nyingine huku wa kwanza bado wako kwenye ziwa. Ulaya majike hupumzika miezi ya baridi, siku zinapokuwa fupi. Sisi huku karibu na ikweta mwanga haubadiliki sana, wao hawana likizo.

Dume mtenge na jike mpaka wiki ya saba tangu ahasiwe ipite. Na mpunguzie chakula kama robo. Waliohasiwa hutumia nguvu kidogo na wanapenda kula zaidi, na wali wa dagaa haujui huruma.

*

Daktari, nataka kumhasi mbwa wangu dume wa miaka miwili kwa sababu anapotea siku tatu tatu. Jirani ananionya kwamba mbwa aliyehasiwa habweki, wezi watanimaliza.
– Kijana wa Njiro, Arusha

Mhasi. Kuzurura ndiyo tabia inayopungua zaidi kwa mbwa dume, kwa sababu anakwenda kufuata harufu ya majike. Kubweka na kulinda geti si kazi ya korodani. Jirani yako aende akasikilize mbwa jike wanavyobweka. Usishangae tu akiendelea kupanda mto, au mguu wa mgeni. Mbwa hupanda pia kwa msisimko na kwa mchezo, hata majike hufanya. Akianza, muite umpe kazi nyingine, usimpige. Naye pia mweke mbali na majike kwa mwezi mmoja baada ya upasuaji. Halafu kwa kuwa amekuwa akilala kusikojulikana, ulizia chanjo yake ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo ya kwenda kuhasi, na kadi uibebe.